Pikseli 12 tu

Kuna duka moja la dawa za jumla pale Ngamiani, Tanga, ambako mimi huitwa kila kompyuta inapogoma. Safari hii niliitwa kwa sababu ya kipanya. "Kimekufa hiki," mama wa kaunta aliniambia kwenye simu, "nabofya hakisikii." Nikaenda na kipanya kipya mfukoni, nikakichomeka, kisha nikavuta kigoda nikakaa pembeni kumwangalia anavyofanya kazi. Mteja akaja, dawa zikaingizwa moja moja, mama akasukuma mkono kulia na chini kwa mkupuo mmoja, kishale kikaruka hadi kwenye kona ya kioo, akabofya. Kimya. Akabofya tena kwa nguvu zaidi, kama anayegonga mlango wa jirani anayejua kabisa kwamba yumo ndani. Kimya. Ndipo akavaa miwani iliyokuwa ikining'inia kifuani, akasogeza uso karibu na kioo, akakirudisha kishale nyuma kidogo kidogo mpaka kitufe cha kijani kilichoandikwa HIFADHI kikabadilika rangi. Akabofya, risiti ikatoka.

"Umeona?" akaniambia. "Mkono umekuwa mzito, mwanangu. Uzee huu."

Mkono wake hauna neno. Kipanya kile cha zamani nacho ninakitumia nyumbani mpaka leo, kizima kabisa. Programu ile ya mauzo hufunika kioo chote, na aliyeiandika alikiweka kitufe cha HIFADHI kwenye kona ya chini kulia, mahali pazuri kuliko pote alipoweza kuchagua, halafu akaacha uwazi mweupe wa pikseli 12 (vile vinukta vinavyounda picha ya kioo) kati ya kitufe na ukingo. Uwazi huo ni urembo, hauna kazi nyingine. Ukibofya ndani yake unabofya hewa.

Kwa macho ya wengi hili ni jambo dogo mno la kuandikia makala. Mimi naona ni moja ya makosa ya kijinga zaidi katika programu za kompyuta za mezani, kwa sababu dawa yake inajulikana tangu zamani na haigharimu hata senti moja.

Fikiria dereva anayerudisha gari nyuma mahali pa kuegesha. Kama nyuma yake ni uwanja mtupu na ameambiwa asimame kwenye mstari wa chokaa, atanyata, atatazama kioo cha kushoto, atatazama cha kulia, atateremsha dirisha achungulie. Mwekee tuta la kugotea tairi, na habari inabadilika: anarudi tu mpaka gari linagota. Ukingo wa kioo cha kompyuta ndilo tuta hilo. Kishale hakiwezi kutoka nje. Unaweza kukitupa kwa nguvu zote, mkono ukapitiliza mpaka kipanya kikadondoka mezani, chenyewe kitakuwa kimesimama palepale ukingoni kinakusubiri. Kitufe kilichogusana na ukingo huo hakihitaji mkono uliotulia wala jicho kali. Sogeza kitufe ndani kidogo tu, hata pikseli moja, na umeling'oa tuta. Dereva amerudi kwenye kunyata.

Aliyetupa namna ya kulipima jambo hili hakuwahi kushika kipanya. Paul Fitts alikuwa mwanasaikolojia wa Marekani aliyefanya kazi na jeshi la anga la nchi yake. Mwaka 1947, yeye na mwenzake Richard Jones walichambua visa 460 vilivyokuwa vikiitwa "makosa ya rubani", visa vya watu waliovuta wenzo usio wenyewe au kugeuza swichi upande usio wake. Walipovikagua, waliona kuwa rubani alikuwa amekosa, ndiyo, lakini kwa sababu chumba chake kilipangwa kumkosesha: nyenzo zinazofanana zimekaa jirani, na ndege hii imepangwa hivi, ile vingine. Huwa naikumbuka ripoti hiyo kila ninaposikia mtu mzima akijilaumu mbele ya kompyuta. "Uzee huu," alisema mama. Marubani wale walikuwa vijana.

Miaka 7 baadaye, 1954, Fitts alichapisha jaribio lake mashuhuri. Watu walipewa kijiti cha chuma wagonge vibao viwili kwa zamu, kushoto, kulia, kushoto, kulia, haraka kadiri wawezavyo bila kukosea. Alibadilisha umbali kati ya vibao na akabadilisha upana wake, akaona muda wa mkono unafuata kanuni inayoandikika kwa hesabu. Shabaha ikiwa mbali, mkono unachelewa, na ikiwa nyembamba unachelewa pia. Hilo hata mtoto wa manati analijua. Kipya kilikuwa kwamba vitu viwili hivi vinauziana: umbali ukiongezeka maradufu na upana ukaongezeka maradufu, ugumu unabaki uleule. Mwaka 1978 watafiti wa Xerox huko California, Stuart Card, Bill English na Betty Burr, walipima vifaa vya kuelekezea kishale na kukuta kipanya kinaifuata kanuni hiyohiyo. Fitts mwenyewe alikuwa amefariki mwaka 1965, kabla Douglas Engelbart, mbunifu wa kipanya, hajakionyesha hadharani mwaka 1968.

Tuipige hesabu yenyewe, haina kitisho. Kitufe kina upana wa pikseli 40, kishale kiko mbali nacho kwa pikseli 800. Zidisha umbali mara mbili, gawanya kwa upana, unapata 40. Kisha uliza: namba 2 ijizidishe mara ngapi ifike 40? Mara 5 na ushei. Hiyo ndiyo alama ya ugumu wa shabaha yako. Sasa kisogeze kitufe kilekile mpaka kigote ukingoni. Mkono ukipitiliza kwa pikseli 100 umepata, ukipitiliza kwa 500 umepata. Kwa mkono, kitufe kile hakina tena upana wa pikseli 40, kimeendelea nje ya kioo mpaka unapotaka wewe. Kipe upana wa 800 katika hesabu yako, alama inaporomoka hadi 1. Mkono wa mtu haufuati hesabu kwa unyoofu namna hiyo, maana safari ya kwenda iko palepale, lakini kile kipande cha mwisho cha kunyata, kinachomla mtu muda na kumkunja uso, kimeondoka.

Ukingo mmoja unakusaidia upande mmoja tu. Menyu iliyo juu kabisa ya kioo haikuhitaji ulenge juu wala chini, ila kushoto na kulia bado unalenga. Kona inakusaidia pande zote mbili kwa mpigo. Ndiyo maana Bruce Tognazzini, mtu wa siku nyingi wa Apple katika usanifu wa violesura, yaani sura za programu tunazobofya, alipowauliza wasanifu wenzake wataje sehemu tano za kioo zinazofikika haraka kuliko zote, jibu lilikuwa: pale pale kishale kilipo, na kona nne. Kompyuta ina kona nne tu, haziongezeki ukinunua kioo kikubwa. Kuacha kona ikae bure ni kama kuwa na kiwanja barabarani Kariakoo ukakiacha kiote majani.

Apple waliujua ukingo mapema. Kompyuta zao, Lisa ya 1983 na Macintosh ya 1984, zote ziliweka upau wa menyu juu kabisa, ukigusana na ukingo, wakati Windows iliamua kila dirisha libebe menyu yake, inayoelea popote dirisha lilipo. Mabishano ya mashabiki juu ya hilo yamejaza miaka arobaini na siwezi kuyamaliza hapa. Nitasema tu kwamba kioo cha Macintosh ile kilikuwa cha inchi 9, pikseli 512 kwa 342, na kutoka popote kwenda juu ilikuwa hatua moja. Kwenye kioo cha inchi 27 safari ni ndefu, na anayesema menyu ya juu ni kero huko ana hoja. Hata hivyo, urefu wa safari si sawa na ugumu wa kutua.

Microsoft walifanya kitu cha ajabu zaidi. Agosti 1995 walileta Windows 95 na kitufe cha Start, wakakiweka kona ya chini kushoto, kona bora kabisa kwa kitu kinachobofywa mara nyingi kuliko vyote. Halafu wakakizungushia ukingo mwembamba usiosikia. Nilijifunzia kompyuta kwenye mashine za namna hiyo, na vipanya vya mpira ambavyo kila Ijumaa tulivifungua tumboni tukakwangua uchafu kwa kucha. Ukikitupa kishale mpaka konani na kubofya, Start haikufunguka. Tulifundishwa na mwalimu, kwa uzito wote, kwamba ukifika kona "urudi kidogo". Tukaliandika daftarini kama sehemu ya somo! Mamilioni ya mikono duniani ilijifunza kurudi kidogo kwa sababu ya pikseli mbili tatu. Windows XP ilipokuja mwaka 2001 kona ilikuwa inasikia, na sijawahi kumwona hata mtu mmoja aliyeuliza ule uzio ulienda wapi.

Kuanzia hapo walikuwa na kipindi kizuri. Dirisha likitanuliwa kioo kizima, ile X ya kufungia ilishika kona ya juu kulia. Office 2007 iliweka kitufe chake kikubwa cha mviringo kona ya juu kushoto, na ingawa mduara haukugusa kona kwa macho, ukibofya kwenye kona yenyewe menyu ilifunguka. Windows 7, mwaka 2009, iliweka kitufe cha kuonyesha eneokazi kwenye kona ya chini kulia: kijistari chembamba kiasi kwamba katikati ya kioo kingekuwa tusi, lakini pale konani hata mtoto alikipata. Google nao walipoleta Chrome mwaka 2008, vichupo vilipanda juu, na kwenye Windows ukitanua dirisha vinagusa ukingo. Unakitupa kishale juu, unabadilisha kichupo, hujui hata kama umelenga.

Nina shaka moja na kipindi hicho, nayo ni ile X. Ukimpa mtu mahali rahisi kuliko pote kwenye kioo, mpe kitu anachokihitaji mara nyingi, au angalau kitu kisichomwangamiza akikigusa kwa bahati mbaya. Kona ya juu kulia ilipewa kitendo cha kufunga kazi yako. Kilichotuokoa miaka yote ni lile swali la "unataka kuhifadhi?", na swali la kuokoa ni dalili kwamba mlango uliwekwa vibaya.

Oktoba 2012 ikaja Windows 8 na somo tofauti. Kona zote zilipewa nguvu, ila zilifichwa. Kitufe cha Start kiliondolewa, ukitaka ukipeleke kishale konani kwanza ndipo kitu kichomoze. Kwa kanuni ya Fitts hakuna kosa, kona ni kona. Lakini kanuni hiyo inapima mkono unaojua unakokwenda. Haisemi lolote juu ya mtu aliyekaa mbele ya kioo asijue kwamba kona ina mlango. Nilizunguka ofisi kadhaa mwaka ule nikifundisha watu kuzima kompyuta. Kuzima! Mwaka uliofuata, katika 8.1, kitufe kikarudishwa. GNOME ya mwaka 2011, eneokazi la kompyuta za Linux, ilikuwa imetumia kona ya juu kushoto kwa ujanja unaofanana, ila iliandika neno "Activities" pale pale, na neno moja linaloonekana lilitosha kuwapunguzia watu kupotea.

Sasa tuko katika zama za vitu vinavyoelea. Windows 11, Oktoba 2021, ilihamisha Start kutoka konani ikaipeleka katikati ya upau wa chini. Ukingo wa chini bado upo, ndiyo, lakini kona imepotea, na kuna ubaya mwingine usioonekana kwenye picha za matangazo: kila programu mpya inapofunguka, kundi zima la alama hujipanga upya ili libaki katikati, na Start husogea kushoto kidogo. Mkono unajifunza mahali, na hapa mahali penyewe panahama. Kwa bahati nzuri mipangilio inaruhusu kuirudisha kushoto, na ndilo jambo la kwanza ninalofanya nikikabidhi mashine mpya.

Kwa nini wasanifu, wenye vitabu vyote hivi, wanaendelea kuvisogeza vitu mbali na ukuta? Jibu langu ni simu. Kidole hakigoti. Ukitelezesha kidole hadi ukingo wa simu, kinapita na kwenda zake hewani, tena kava likiwa nene ndiyo kabisa, pembeni panakuwa pagumu kuliko katikati. Kwenye simu, kuacha pambizo ni busara. Material Design, mwongozo wa usanifu wa Google uliotoka 2014, ilifundisha kizazi kizima kupanga vitu kwa hatua za 8 na kuacha pambizo ya 16, na ilifundisha vizuri. Sasa vijana wetu wengi wanaoandika programu Dar, Nairobi au Kampala walianza na simu kabla ya kompyuta, jicho lao limezoea hewa pembeni, na kitu kilichobanwa ukutani wanakiona cha kizamani, kama fomu ya serikali. Wanapoletewa kazi ya kompyuta ya kaunta wanahamisha pambizo ya simu kama ilivyo. Siwalaumu kwa kupenda hewa. Ila kipanya si kidole: kanuni ya ukingo kwenye vifaa hivi viwili imepinduka kabisa.

Na urembo wala hauhitaji kuuawa. Plasma 6 ya KDE, eneokazi jingine la Linux lililotoka Februari 2024, ina upau wa chini unaoelea kwa chaguo-msingi, una uwazi kuuzunguka na pembe za mviringo, mzuri wa kutazama. Ukikitupa kishale mpaka ukingoni, ndani ya uwazi ule, ukabofya, kitufe kilicho juu yake kinasikia. Jicho limepewa hewa yake, mkono umepewa ukuta wake. Eneo linaloonekana na eneo linalosikia ni vitu viwili, na programu yoyote inaweza kuvitenganisha kwa mistari michache ya msimbo.

Pingamizi zito ninalolikubali ni la vioo viwili. Ukiunganisha kioo cha pili upande wa kulia, ukuta wa kulia unageuka mlango, kishale kinavuka bila kuaga, na kitufe kilichotegemea ukuta huo kinakuwa kigumu kuliko kama kingekuwa katikati. Ubuntu, watengenezaji wa toleo moja la Linux, walijaribu kukikwamisha kishale kidogo kwenye mpaka wa vioo, ili upau wao wa kushoto uendelee kufikika, na watu wakalalamika kwamba kipanya kimeingia gundi. Apple nao walichelewa hadi Mavericks, toleo la mfumo wao la 2013, kuweka upau wa menyu kwenye kila kioo. Hakuna dawa safi hapo. Lakini kaunta ya duka la dawa, dirisha la kukatia tiketi, meza ya mapokezi ya zahanati, hizo zina kioo kimoja, mara nyingi na kipanya cha bei poa juu ya meza isiyo na mkeka. Ndiko ukingo unakohitajika zaidi, na huko kisingizio cha vioo viwili hakifiki.

Nilimpigia simu kijana aliyeiandika ile programu ya mauzo. Msikivu, mwenye adabu. Nikamweleza habari ya kona.

"Lakini kaka, ni pikseli 12 tu," akasema.

"Mdogo wangu, hata ingekuwa moja."

Nikampa njia mbili: akigoteshe kitufe ukingoni, au auache uwazi wake mzuri ila aufanye usikie. Akacheka, akasema toleo lijalo nitafurahi mwenyewe. Wiki mbili baadaye toleo likafika. Nikaenda dukani, nikafungua, na kweli kijani cha HIFADHI kimejaa mpaka kwenye kona, hakuna tone la nyeupe. Nikashika kipanya, nikakitupa kishale kulia na chini bila kutazama, nikabofya.

Kimya.

Nikarudi kidogo. Kikasikia. Alikuwa ameupaka rangi ule uwazi. Kitufe chenyewe hakikusogea hata pikseli moja.

Nimempigia tena mara mbili, simu inaita tu. Mama aliniangalia nikihangaika, akavaa miwani yake, akasogeza uso kwenye kioo akitafuta kijani kinachosikia kinaanzia wapi ndani ya kijani kisichosikia.

"Afadhali ile nyeupe, mwanangu," akasema. "Ile nilikuwa naiona."